Mwaka Nilipoandika Maisha ya Ndemasi

Mwezi uliopita niliendesha gari kutoka Carrollton, kaskazini mwa Dallas, hadi Missouri City, pembeni mwa Houston, safari ya saa nne na ushei, ili kuhudhuria sherehe ya Mzee Aminieli kutimiza miaka themanini. Sikuwa nimeiona familia ile ikiwa pamoja kwa muda mrefu, na kwa kuwa mimi ni mtu ninayechukia hotuba za sherehe, nilichagua kiti kilichokuwa mbali kabisa na kipaza sauti. Haikunisaidia. Binti yake, Nasia, ambaye siku hizi ni mfamasia na mama wa watoto wawili, alikuja na sahani ya ndizi na nyama mkononi, akaniinamia sikioni na kusema, "Mjomba Rajabu, leo ukiitwa kuongea, tafadhali usimpandishe mtu mlima." Kisha akacheka kicheko kilekile cha alipokuwa na umri wa miaka kumi na minne, na wenzetu wa mezani, ambao hawakujua kinachochekesha, wakacheka pia kwa adabu. Nimeona heri niieleze habari hiyo mwenyewe kuliko kumwachia Nasia awasimulie wanawe, kwa maana katika simulizi yake huwa ananiongezea kitambi ambacho wakati huo sikuwa nacho.

Ninafundisha historia chuoni, na wanafunzi wangu wananiona mkali. Wanayo haki. Ninamkata alama bila huruma mtu yeyote anayempamba marehemu, anayemfanya jasiri aliyekuwa mwoga, au anayemtia mtu mdomoni maneno mazuri ambayo hakuyasema. Katika jumuiya zetu za huku ugenini tabia hii imekuwa ugonjwa: nimeketi katika misiba mingi, Dallas na Houston, na bado sijasikia ikisomwa habari ya marehemu aliyewahi kukosea njia, kukopa asilipe, au kumwonea wivu jirani. Wanafunzi wanadhani nilizaliwa na ukali huu. Sikuzaliwa nao. Niliupata katika nyumba moja ya Cedar Hill, katika mwaka niliotimiza miaka ishirini na sita, baada ya kumsingizia ushujaa mtu ambaye hakuwa na haja nao hata kidogo.

Nyumba ile ilijengwa juu ya mteremko, na barabara ya kuifikia ilipanda ghafla kutoka mtaani kiasi kwamba kila mgeni alifika mlangoni akihema. Mzee Aminieli aliipenda kwa sababu hiyo tu. Alikuwa mtu wa Uchagani, alikozaliwa na kukulia akiuona Mlima Kilimanjaro kila asubuhi, na alisema kwamba sehemu nyingine zote za Dallas zilimfanya ajione kama mtu aliyelazwa kwenye sinia. Mimi ni mtu wa Kondoa na sikuona shida ya tambarare, lakini nilikuwa mpangaji na nikanyamaza. Chumba changu kilikuwa kando ya gereji, na nilikaa humo na Deo, Mrundi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi Kigoma na ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Deo alifanya kazi katika ghala la viatu. Kila jioni alirudi akinukia maboksi, akavua soksi, akaniuliza, "Umesoma nini leo, profesa?" na kabla sijajibu alikuwa ameshasinzia. Chakula kilikuwa jikoni kwa Mama Nasia, muuguzi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambayo hata hivyo ilisikika nyumba nzima. Kwa ajili yangu alinunua nyama kwa mchinjaji Mwislamu, na alinitengea sufuria yangu yenye kifuniko cha bluu ambayo hata mumewe hakuthubutu kuigusa. Ndizi mbichi alizipata katika duka la Wameksiko. Alizimenya akiwa amesimama, akiziongelesha. "Hizi ndizi zimesafiri kuliko mimi," alikuwa akisema, "na bado zimefika hazina adabu. Ona, haziivi."

Mzee Aminieli wakati huo alikuwa akielekea miaka sitini na alifanya kazi katika maabara ya hospitali, akipima damu za watu. Alikuwa na shauku moja tu nje ya kazi na kanisa, nayo ilikuwa babu wa baba yake, Ndemasi, mmoja wa watu wa kwanza kuwaongoza Wazungu kupanda Kilimanjaro katika karne ya kumi na tisa. Kwenye vitabu, Mzungu wa msafara aliouongoza Ndemasi ana jina, baba, shule aliyosoma na picha ya masharubu. Ndemasi ni "mwongozaji wa kienyeji", maneno mawili, halafu ukurasa unageuzwa. Mzee alikuwa na kaseti saba alizorekodi ujanani kwa bibi yake, ambaye alikuwa binti wa Ndemasi wa kumzaa. Katika kaseti hizo bibi anazungumza Kichaga, kuku wanalia, mtu anakatakata majani ya ng'ombe, na kati ya kelele hizo ndimo yalimokuwa maisha yote ya mtu yule. Mzee alitaka yaandikwe kwa Kiswahili safi na yasomwe Houston, katika mkutano wa mwaka wa Watanzania wa Texas mwezi wa Desemba, kisha yachapwe yawe kijitabu cha watoto. Akanichagua mimi niandike, kwa sababu alinikuta sebuleni nikisahihisha kwa kalamu nyekundu tangazo la harusi.

Basi tangu mwezi wa Machi, kila Jumapili wao wakishatoka kanisani, tuliketi mezani na redio kaseti. Bibi alisema, Mzee akasimamisha kaseti na kutafsiri, nami nikaandika katika daftari. Nilijifunza kwamba Ndemasi alikuwa mwindaji wa pembe juu ya msitu, kwamba Mangi, yaani mtawala wao, alimtoa kwa Mzungu kama mtu anavyoazima panga, kwamba alilala pangoni akijifunika ngozi ya pimbi, na kwamba kitu alichokidharau kuliko vyote ni mtu anayepanda kwa haraka. Kwenye kaseti ya sita tulifika kwenye barafu. Bibi alisimulia kwamba walipofika ukingoni mwa barafu, mpagazi mmoja kutoka pwani aliugua. Kichwa kilimuuma, akatapika, akaanza kumwita mama yake. Mzungu alitaka kuendelea. Ndemasi alimwonyesha kwa fimbo mahali pa kupitia, akamweleza jabali la kuliacha kushoto, kisha akambeba yule mgonjwa mgongoni na kugeuka nyuma. Walishuka siku tatu. Mzungu akaenda kileleni, akarudi na jiwe la kumbukumbu, na akawa mashuhuri. Ndemasi hakufika juu siku ile, wala hakufika maisha yake yote.

"Andika kama ulivyosikia," Mzee alisema. "Mimi sitasoma. Nataka niyasikie kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa na watu."

Hapo ndipo upumbavu wangu ulipoota. Nasia alikuwa akifanya hesabu zake za shule upande wa pili wa meza. Alielewa Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa huku. Aliinua kichwa akasema kwa Kiingereza kwamba, kwa hiyo, huyo babu alikuwa mbeba mizigo tu, na hata hakufika. Baba yake aliichukua kaseti, akairudisha kwenye kijaluba chake taratibu, akaenda kulala. Mimi niliyekuwa nimesoma vitabu vingi na kuelewa vichache nilijiambia kwamba mtoto yule alihitaji shujaa, na kwamba mzee yule alihitaji mtoto amheshimu babu yake, na kwamba kati yao wawili alikuwepo mwandishi mwenye kipaji. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nimempandisha Ndemasi hadi kileleni. Sikumpandisha kwa aya mbili. Nilimpandisha kwa kurasa kumi na nne, na ukungu ukampisha. Mgonjwa wa pwani nilimfuta. Nilipomsomea Deo, alisikiliza akiwa amelala chali, akasema, "Nzuri sana. Kama sinema." Nikaichukua kuwa ni sifa.

Ninapoukumbuka mwaka ule sasa, kinachonishangaza ni jinsi nilivyolala usingizi mzuri. Mwongo wa kawaida huogopa. Mwongo mwenye nia njema hana hofu, na ndiyo maana ni wa hatari zaidi. Nilikula mtori wa Mama Nasia, nilicheka na Mzee tulipokuwa tukitazama mpira, nilimfundisha Nasia kusema "ningelikuwa" na "nisingelikuwa", na karatasi zangu zilikaa ndani ya sanduku zikisubiri Desemba. Mzee alikwisha kuwaambia watu. Jumapili moja nilimsikia akiwa kwenye simu na jamaa yake wa Houston, akijitahidi kuficha furaha: "Kijana ameandika, bwana. Sijui ameandika nini, lakini namsikia usiku anapiga chapa kama anatwanga mahindi." Hata hilo halikunichoma.

Kisha ikaja Idi. Nilikuwa nimefunga mwezi mzima, na Mama Nasia, Mlutheri asiyekosa ibada, alikuwa ameahidi kunipikia pilau. Niliona si vyema kurudi kutoka msikitini mikono mitupu. Nilikuwa nimeona siku nyingi kwamba dirisha la sebule lilikuwa tupu, basi nikapita katika duka la vifaa vya nyumba na bustani, nikazunguka kati ya vyungu, nikachagua mmea mmoja wenye majani marefu ya kijani, yanayong'aa, yaliyopinda kwa adabu kama watu wanaosalimia. Nikafika nyumbani mchana nimevaa kanzu nyeupe na kofia. Mzee mwenyewe alifungua mlango. Nikainama kidogo, kama nilivyofundishwa kumpa mkubwa kitu, nikamnyooshea chungu kile kwa mikono miwili, na kwa kuwa nilikuwa ninahema kwa sababu ya ule mteremko, sikusema neno.

Mzee aliutazama mmea. Akanitazama mimi. Uso wake ulibadilika, ukawa uso wa mtu aliye kanisani. Aliupokea kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua moja, akaita kwa sauti nzito, "Mama Nasia. Zima jiko, njoo. Deo, njoo uwe shahidi. Nasia, zima hiyo televisheni." Tukakusanyika sebuleni. Chungu kiliwekwa katikati ya meza. Mzee akaketi, akanionyesha kiti cha mbele yake.

"Rajabu," alisema, "umekuja na isale. Nimeipokea. Kwetu isale haikataliwi, hata mtu awe amekuchomea nyumba. Kosa lako nimelisamehe kabla ya kulijua. Sasa liseme."

Sikujua isale ni nini. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba kule mlimani mmea ule hupandwa mipakani na makaburini, na kwamba mtu aliyemkosea mwenzake, akishindwa kusema, humpelekea jani lake. Na anayelipokea hana ruhusa tena ya kushika kinyongo. Mchaga hawezi kumpa Mchaga mwenziwe mmea ule awekee dirishani, kama vile mtu asivyoweza kumpa mwenziwe sanda iwe kitambaa cha meza. Wakati ule nilichojua ni kwamba watu wanne walikuwa wakinitazama, na pilau lilikuwa likipoa.

Kabla sijafungua mdomo, Deo alisimama. Alikuwa amekunja mikono tumboni. "Mzee, kama ni kile kioo cha pembeni cha gari, siyo Rajabu. Ni mimi. Niligonga pipa la taka. Nilibandika na gundi ya kule kazini."

"Kioo?" Mzee aliuliza.

"Cha kushoto. Lakini kimeshika."

Mzee hajamjibu, Nasia naye akaanza kulia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema jambo refu kwa Kiswahili: kwamba ile barua ya mwalimu wa hesabu, ile iliyotakiwa kusainiwa na mzazi, aliisaini yeye, na kwamba aliiga mwandiko wa mama, na kwamba hata ile ya Aprili. Mama Nasia, ambaye alikuwa bado ameshika mwiko, akaketi kwenye mkono wa kochi. "Mbili," alisema. "Endeleeni. Nani mwingine? Mlango uko wazi."

"Mzee," nikasema hatimaye, "huu ni mmea tu. Nimeona dirisha halina kitu."

Mama Nasia aliangua kicheko kilichomfanya audondoshe mwiko, na Mzee akafuata, akacheka hadi akavua miwani na kujifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Deo aliketi polepole, akasema, "Kwa hiyo mimi nimejiua bure," na hilo likatuongezea kicheko. Nasia alicheka na kulia kwa pamoja. Nikaona kwamba nimeokoka. Mzee, akiwa bado anajifuta, akaniuliza kwa utani tu, "Kwa hiyo wewe peke yako humu ndani ndiye huna kosa?"

Ningeweza kusema sina. Lilikuwa jibu la neno moja, na pilau lilikuwa tayari. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikulisema, na sidhani ilikuwa ni ucha Mungu wa Ramadhani, ingawa ningependa iwe hivyo. Nadhani ilikuwa ni kumwona mtu yule mkubwa amenisamehe kwa uso wa makini kiasi kile, bila kujua anachosamehe, na kisha kumwona akicheka. Nikasema, "Ninalo, Mzee. Nimemwandika Ndemasi uongo."

Kicheko kilikatika. "Uongo gani?"

"Nimempandisha mpaka juu."

"Juu wapi?"

"Kileleni."

Mzee alivaa miwani. "Akafanya nini huko?"

"Akachomeka mkuki."

"Mkuki gani? Ndemasi alikuwa na fimbo."

"Ndiyo, Mzee."

"Haya. Akachomeka mkuki. Kisha?"

"Akahutubia."

"Alihutubia nani? Yule Mzungu?"

"Mawingu, Mzee."

Mama Nasia aligeukia ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Lakini Mzee hakucheka. Aliuliza mgonjwa yuko wapi, nikamjibu kwamba nimemfuta. Vidole vyake viligusa jani moja la mmea ule kwa muda mrefu, na nikaelewa kwamba alikuwa akipigana na nafsi yake, kwa sababu alikuwa na hasira na alikwisha kupoteza ruhusa ya kuwa nayo. "Ningeketi pale Houston," alisema mwishoni, "mbele ya watu wa nyumbani, na ningemsikia mtu mwingine anayeitwa kwa jina la babu yangu. Na ningepiga makofi." Kisha akauliza kwa nini. Nikamtazama Nasia bila kukusudia, na Nasia, ambaye ni mwepesi wa akili tangu utoto, akaelewa, akainamisha uso.

Aliyefuata kusema alikuwa Deo. "Mimi nimeshabeba mtu," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia maboksi ya viatu. "Mama yangu. Siku mbili mpaka mpakani. Siyo kama mzigo. Mzigo unanyamaza. Mtu anakuuliza kila saa kama umechoka."

Nasia alimuuliza ni uzito gani. Deo hakujua kutaja uzito, alinitazama mimi, akanipima kwa macho, akasema, "Njoo, profesa." Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba siku ya Idi, mchana kweupe, nilishushwa hadi chini mtaani na nikapandishwa ule mteremko mgongoni mwa Mrundi, kanzu imekunjwa hadi magotini, kofia imeshikwa na Mama Nasia. Jirani wa ng'ambo alizima mashine yake ya kukatia majani ili atazame vizuri. Deo alipiga hatua ishirini bila tatizo, kisha akaanza kunung'unika. "Usinikabe." "Sikukabi." "Egemea mbele. Wewe unaegemea nyuma kama bosi." Nasia alitembea kando yetu akihesabu hatua kwa sauti, kwa Kiswahili. Kwenye sanduku la barua Deo alipiga magoti, nami nikabingirika kwenye nyasi. Tulikuwa tumekwenda hatua sitini na tatu, na Deo hakuweza kusema kwa dakika nzima. Mzee Aminieli, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema tu, "Siku tatu," akaingia ndani kula pilau.

Zilibaki wiki mbili na nusu kabla ya mkutano. Kurasa kumi na nne za kileleni nilizichana mwenyewe, na kazi niliyoifanya katika siku zile ndiyo iliyonifanya mwanahistoria, zaidi ya shahada zote nilizopata baadaye. Niliacha kuuliza maswali makubwa. Nilimuuliza Mzee kamba ya kumfungia mgonjwa ilitengenezwa na nini. Nilimuuliza Mama Nasia, kama muuguzi, mtu aliyeugua kwa sababu ya mwinuko anatapika kwa muda gani, na je, anapaswa kunyweshwa. Nilimuuliza Deo bega gani linauma kwanza. Alinijibu kwamba si bega, ni shingo, na nikaandika shingo. Nasia alinisomea kurasa nilizomaliza, akakosea maneno, nikamsahihisha kwa ukali, naye akanisahihisha mimi pale nilipoandika kwamba mgongo wa Ndemasi ulikuwa imara kama mwamba. "Mjomba," alisema, "umeanza tena."

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kukodi Missouri City, na watu walikuwa wengi kuliko viti. Nilisoma kwa dakika arobaini. Watoto walikimbizana nyuma, mtu aligawa sambusa katikati ya habari ya barafu, lakini nilipofika mahali Ndemasi anapoinama ili mgonjwa apandishwe mgongoni, ukumbi ulinyamaza. Nilipomaliza walipiga makofi, na hapo bwana mmoja mwenye suti ya kijivu, mtu wa mlimani pia, akasimama na kuuliza kwa sauti ya kushitaki. "Samahani. Tumetoka mbali kusikiliza. Kwa hiyo hakufika? Kwa nini mnawasomea watoto habari za mtu wetu ambaye hakufika?"

Nilimtazama Mzee Aminieli. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono magotini. Jambo alilolingoja tangu ujana wake lilikuwa limesomwa, na la kwanza alilorudishiwa lilikuwa aibu. Nilikuwa ninatafuta jibu la kisomi, lenye vifungu, wakati Nasia aliposimama. Macho yalikuwa yamemtoka kwa woga. "Mzungu alirudi na jiwe," alisema kwa Kiswahili, polepole, akihakikisha kila neno. "Babu alirudi na mtu. Mimi nimeona mtu akibebwa hatua sitini na tatu. Aliyebeba akaanguka." Akaketi. Bwana yule wa suti akabaki amesimama kidogo, kisha akasema, "Haya, mama, nimekusikia," na akaketi naye. Sikuona tena uso wa Mzee, kwa sababu aliinama akawa anafunga kamba za viatu vyake, na alizifunga kwa muda mrefu sana.

Tulirudi Cedar Hill kesho yake baada ya ibada, sote watano katika gari moja, kioo cha kushoto kikiwa kipya. Mama Nasia aliendesha. Mzee alikaa mbele. Tuliipita Huntsville, ambapo misonobari inaanza kupungua. Hapo alizima redio.

"Rajabu," alisema bila kugeuka, "ile kaseti ya sita nilikuzimia kabla haijaisha."

Nikasogea mbele nimsikie.

"Bibi alisema kitu kingine. Alisema Ndemasi aliiogopa ile barafu. Hakuwahi kuikanyaga. Usiku ule kabla, alikuwa amekaa pangoni anatafuta namna ya kumwambia Mzungu kwamba haendi, na alikuwa hajaipata. Yule mgonjwa alipoanguka, Ndemasi alifurahi. Alimwambia bibi hivyo mwenyewe, akiwa mzee. Alisema, 'Watu walidhani nimemwokoa.' Nimekugombeza kwa ajili ya mkuki, na mimi nilikuwa nimeficha hili."

"Na mimi nilikuwa najua," Mama Nasia alisema, macho barabarani. "Nilikuwa jikoni ulipoizima. Hiyo kaseti nimeisikia tangu tumeoana. Nilikuwa nasubiri nione utakaa nayo mpaka lini."

Mzee alimtazama mkewe, kisha akatazama mbele. Aliuliza kama likiandikwa litaharibu kitabu. Kabla sijajibu, Deo, ambaye nilidhani amelala, alisema kutoka dirisha la upande wa pili, "Mimi pia niliogopa, Mzee. Kubeba mama ndiyo ilikuwa rahisi. Kama angekuwa anatembea, sijui ningekuwa nakimbilia wapi." Nasia, aliyekuwa amebanwa katikati yetu, aliingiza mkono katika mkoba wangu, akatoa daftari, akalifungua kwenye ukurasa wa barafu, akanipa kalamu.

"Andika," Mzee alisema. "Halafu usome tusikie."

Niliandika daftari likiwa juu ya goti, gari likitikisika, bila kivumishi hata kimoja. Kisha nikasoma: Ndemasi aliiogopa barafu, akafurahi kupata sababu ya kugeuka, na akambeba yule mtu siku tatu. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Nasia alipunguza mwendo, akaingia kituo cha mafuta, na Mzee Aminieli akashuka, akanyoosha mgongo juani, akatuuliza mmoja mmoja, kuanzia kwa Deo, kama tunataka chai.